Waja Leo, Waondoka Leo: Watu wa Kawaida na Maneno ya Kazi katika Historia ya Mji wa Tanga

1.0 Utangulizi

Mgeni aingiaye Tanga hakawii kukutana na msemo ambao wenyeji wameufanya kuwa kama jina la pili la mji wao: "Waja leo, waondoka leo." Kisarufi, msemo huu una utata. Neno waja laweza kuchanganuliwa kuwa u-a-ja, yaani wewe waja, au kuwa wa-a-ja, yaani wao waja. Kwa uchanganuzi wa kwanza anasemeshwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Kwa uchanganuzi wa pili wanazungumziwa watu wengi wapitao. Aidha, kiimbo kikipandishwa mwishoni, kauli nzima hugeuka swali la mwenyeji kwa mgeni wake: mbona waondoka mapema hivyo?

Utata huo unafaa kuwa mlango wa kuingilia historia ya mji wenyewe. Tanga si mji mkubwa. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 273,332, wakati Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya milioni nne. Historia yake iliyoandikwa imetawaliwa na mambo makubwa: Wadachi na reli yao, vita vya Novemba 1914, na takwimu za mkonge uliosafirishwa ng'ambo. Katika masimulizi hayo, mpagazi, kuli, mkata mkonge, fundi cherehani na mwuza vitumbua huonekana kwa mbali tu, kama watu waliokuja leo na kuondoka leo.

Mhadhara huu unadai kinyume chake. Unadai kwamba watu waliohesabiwa kuwa wapita njia ndio walioujenga mji, na kwamba ushahidi wao, ambao haukuhifadhiwa vya kutosha katika majalada, umehifadhiwa katika lugha. Maneno waliyoyatumia kazini yanasemwa hata leo na mamilioni ya watu wasiojua yalikotoka.

2.0 Mji wa Mrima kabla ya reli

Pwani ya Tanga ni sehemu ya Mrima. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji, ni ushahidi wa maisha ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita. Eneo hilo ndilo Mtang'ata ya kale, na lahaja ya huko, Kimtang'ata, ilifanyiwa utafiti na W. H. Whiteley, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1956. Pembeni ya lahaja hiyo zipo lugha za Kidigo, Kisegeju, Kibondei, Kizigua na Kishambaa. Kwa hiyo, tangu zamani mtu wa Tanga alikuwa mtu wa lugha zaidi ya moja: aliuza samaki kwa lugha moja, akaoa kwa lugha nyingine, na akasali kwa nyingine tena.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Tanga na Pangani kuelekea nchi za Usambara na Kilimanjaro. Wadachi walipoingia kwa nguvu mwaka 1888, wananchi wa Mrima walipigana nao, na kiongozi wao mashuhuri, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Habari za vita hivyo ziliandikwa mapema na mtu wa huku huku, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ikumbukwe basi kwamba kabla ya kuwapo gazeti au shule ya serikali, Tanga tayari ilikuwa na mazoea ya kuandika historia yake kwa Kiswahili, tena kwa hati za Kiarabu.

3.0 Reli, shule na hela

Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo, serikali ya Wadachi ilifungua Tanga shule yake ya kufundishia Waafrika kusoma, kuhesabu na kazi za mikono. Serikali ilitaka makarani, walimu na maakida wa gharama nafuu. Ilichopata kilizidi hapo.

Shuleni hapo palikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na kutoka katika mtambo huo lilitoka gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Halikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili katika eneo hilo, kwani wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, walikuwa wakichapa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Hata hivyo, Kiongozi liliwafikia wasomaji wa dini na makabila mbalimbali. Makarani na walimu waliopelekwa bara walituma habari za mvua, safari, ndoa na vifo, na wakatuma mashairi. Vijana waliopanga herufi moja moja katika chumba cha chapa cha Tanga walikuwa mafundi wa kawaida, lakini kwa mikono yao mtu wa pwani na mtu wa Ziwa Nyanza walianza kusoma jambo moja kwa lugha moja.

Wakati huo ulituachia maneno mawili ambayo Mtanzania hawezi kupitisha siku bila kuyataja. La kwanza ni shule, lililotokana na neno la Kijerumani Schule. Zanzibar, ambayo haikutawaliwa na Wadachi, ilichukua skuli kutoka Kiingereza, na tofauti hiyo ingalipo. La pili ni hela. Mwaka 1904 koloni lilianza kutumia sarafu ndogo iitwayo heller, ambayo 100 zilifanya rupia moja. Sarafu hiyo ilikufa pamoja na utawala uliouleta, na tangu mwanzo wa miaka ya 1920 ikatumika shilingi. Pamoja na hayo, jina la sarafu ndogo kuliko zote, ile iliyoshikwa na mtu mwenye mshahara mdogo, ndilo lililobaki kuwa neno la kawaida la fedha yoyote, hata ya tajiri.

4.0 Karatasi mkononi: kibarua, kipande na manamba

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi lugha inavyotunza historia ya watu wa kawaida ni maneno matatu ya kazi. Yote matatu yalianza kuwa majina ya vitu au alama, si ya watu wala ya kazi zao.

Kibarua ni udogo wa barua. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, nacho kilikuwa ndicho haki yake ya kulipwa. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika, na kisha likahamia kwa kazi yenyewe: mtu ni kibarua, na pia mtu anatafuta kibarua. Katika bandari ya Tanga vibarua walikuwa wengi. Kwa miongo mingi meli zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikapakiwa na kupakuliwa kwa matishari, kazi iliyohitaji mabega mengi siku ya meli na kuyaacha bure siku isiyo na meli. Watu hao ndio waliogoma mwezi Agosti 1939. Mgomo wao ni miongoni mwa migomo ya mwanzo ya wafanyakazi katika Tanganyika, nao ulionyesha kwamba mtu aajiriwaye kwa siku anaweza kufikiri kwa mwaka.

Kipande maana yake ya asili ni sehemu iliyokatwa ya kitu. Katika mashamba ya Tanga na Usambara kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Siku isiyokamilisha kazi iliyopangwa haikutiwa alama. Mshahara haukulipwa mwezi wa kalenda ulipokwisha, bali siku 30 zilipotimia katika kadi, hata kama kutimia huko kulichukua wiki sita. Nchini Kenya neno hilo hilo lilishika maana nyingine, ya cheti cha utambulisho ambacho mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kukibeba tangu mwaka 1920. Mashambani Tanga kilihesabu siku. Kenya kilimfuata mtu kila aendako. Kote kuwili, karatasi ilikuwa na nguvu kuliko neno la mwenye kuibeba.

Neno la tatu ni manamba. Wafanyakazi walioandikishwa mbali na kuletwa mashambani walipewa namba, na kwa namba hizo waliitwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Kwa njia hiyo na nyinginezo walifika Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Warundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Wenyeji wa pwani waliwatazama kwa dharau, na hata leo manamba ni neno linaloweza kumuudhi mtu.

Jambo la kuzingatia ni sarufi yake. Namba ni nomino ya ngeli ya I/ZI: namba imeandikwa, namba zimeandikwa. Lakini hakuna msemaji wa Kiswahili aliyepata kusema "manamba zimefika". Alisema "manamba wamefika". Daftari liliwafanya watu kuwa tarakimu. Upatanisho wa kisarufi ukawarudisha katika ngeli ya viumbe wenye uhai. Dharau ilikuwamo katika matumizi ya neno, lakini lugha haikukubali kumwita mtu kitu.

5.0 Mkonge na korona

Mkonge wa biashara uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000.

Mmea ulikuwa mgeni, lakini jina halikuwa geni. Mkonge lilikuwa tayari jina la mmea wa porini wenye nyuzi imara, ambazo watu wa pwani walizisokota kamba. Wafanyakazi walipouona mmea wa Hindorf walitambua kazi yake kabla ya kuambiwa, wakaupa jina la ndugu yake wa porini. Jina jingine, katani, lilitoka katika Kiarabu, ambako humaanisha kitani. Nyuzi zenyewe zikaitwa singa, neno ambalo Waswahili walilitumia kwa nywele ndefu na laini. Katika kiwanda chenye kelele na maji machafu yenye kuwasha, mtu aliyeyasimamia majani yakichakatwa aliona nyuzi nyeupe zinazotoka na akazifananisha na nywele. Hiyo ni tafakuri ya mtu mwenye macho, wala si ya tarakimu katika daftari.

Mashine ya kuchakata iliitwa korona, na kiwanda kizima kikaitwa hivyo hivyo. Asili yake ni Corona, jina la chapa ya mashine za Kijerumani. Kwa vizazi kadhaa, katika Muheza, Korogwe na Pangani, kwenda korona kulikuwa kwenda kazini. Tangu mwaka 2020 neno hilo limeshika maana ya ugonjwa, na kijana wa mjini akisikia kwamba babu yake alifanya kazi korona miaka ishirini, hudhani ni mzaha. Huo ni mfano wa jinsi kumbukumbu inavyoweza kufutika bila mtu kukusudia kuifuta.

Pamoja na mshahara, mfanyakazi alipata posho, yaani mgao wa chakula, kama walivyopata wapagazi wa misafara kabla yake. Neno hilo limesafiri mbali. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Nchini Tanzania limepanda cheo, likawa malipo ya kikao ya mtumishi wa umma. Mkubwa anayetia saini kupokea posho yake hotelini anatumia, bila kujua, neno la kibaba cha unga wa mpagazi.

Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Bei ilikuwa imeanza kuporomoka kwa sababu nyuzi za viwandani zilichukua nafasi ya katani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 35,000. Wengi waliokuja kwa mkataba hawakurudi kwao. Walioa, walipewa au walinunua viwanja, wakazika wazazi wao katika ardhi ya Tanga. Watoto wao hawakuzungumza Kiha wala Kimakonde kwa ukamilifu, walizungumza Kiswahili. Ni kweli kwamba Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Lakini kusanifisha lugha ni jambo moja na kuieneza ni jingine. Katika kambi za mkonge hapakuwapo lugha nyingine ya kumwomba jirani chumvi, na aliyerudi kwao Kigoma alirudi nayo.

6.0 Dukani na barazani

Chini ya utawala wa kikoloni mji uligawanywa. Wazungu walikaa upande wa Ras Kazone, Wahindi katika mitaa ya biashara, na Waafrika Ngamiani, ng'ambo ya reli. Jina Ngamiani ni la mahali, lililoundwa kwa kiambishi -ni, na wazee husimulia kwamba hapo walifungwa ngamia waliozungusha vinu vya kukamulia mafuta. Barabara za Ngamiani hutajwa kwa namba: ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Ni ajabu ya mji huu kwamba namba iliyokuwa aibu shambani imekuwa anwani ya heshima mjini. Mtu wa barabara ya nane hakubali kuitwa wa barabara ya tisa.

Maisha ya duka nayo yaliacha maneno. Mshahara uliongoja siku 30 za kipande ulimfanya mtu mwenye njaa amtegemee mwenye duka aliyekubali kuandika deni katika daftari. Mfanyabiashara huyo wa Kihindi aliitwa bepari, kutokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mchuuzi. Halikuwa tusi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo lilibebeshwa siasa, na ubepari ukawa jina la mfumo mzima wa unyonyaji. Hivyo mwenye duka dogo la mtaani, aliyeuza sukari kwa kipimo cha kikombe, akajikuta ana jina moja na wenye mabenki ya dunia. Historia ya biashara ya Tanga haitaeleweka bila kutenganisha maana hizo mbili na wakati wa kila moja.

Mbele ya duka palikuwa na baraza, na barazani alikaa fundi na cherehani yake. Kanga ilinunuliwa ndani na kupindwa nje. Asubuhi hapo hapo walipita wanawake na vitumbua, mikate ya kumimina na maandazi. Biashara ya wanawake hao haikuandikwa katika leseni wala katika takwimu za bandari, ilhali ndiyo iliyomlisha kuli kabla ya kwenda gatini na iliyomlipia mtoto ada ya chuo.

7.0 Karani na wanamuziki

Mtu mashuhuri kuliko wote wa eneo hili alikuwa naye mfanyakazi wa kawaida. Shaaban Robert alizaliwa Machui, karibu na Tanga, mwaka 1909. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, kisha akafanya kazi katika idara ya wanyama wa porini, katika ofisi ya wilaya ya Tanga na katika ofisi ya upimaji. Aliandika vitabu vyake usiku na siku za mapumziko, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa kwao. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa kati ya mwaka 1931 na 1958 na kuchapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu mwenye ukoo wa kutunza na mshahara wa kubana. Wanafunzi humsoma kama bingwa wa lugha. Inafaa asomwe pia kama karani wa Tanga aliyejua maana ya kungoja mwisho wa mwezi.

Muziki wa mji unatoa ushahidi kama huo. Jamhuri Jazz Band ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, yaani kwa jina la watu waliotoka mbali. Kubadilika kwake kuwa Jamhuri ni muhtasari wa safari ya mji mzima, kutoka kabila la mgeni hadi uraia wa nchi. Katika taarabu, Black Star Musical Club iliingiza gitaa na kuanzisha mtindo uliosikika hadi Mombasa, na sauti ya Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ikawafikia watu ambao hawajapata kuiona Tanga.

8.0 Hitimisho

Maneno yaliyojadiliwa hapa, yaani hela, shule, kibarua, kipande, manamba, singa, korona, posho na bepari, yana jambo moja la kufanana. Hakuna hata moja lililobuniwa na kamati. Yote yalizaliwa au yalikomaa katika mikono ya watu waliokuwa wakifanya kazi, na wengi wao walitazamwa kama wapita njia. Kamusi hutoa maana zake, mara nyingi kwa mstari mmoja, na huacha nje kiwanda, kadi na njaa zilizoyazaa.

Kazi ya kuyaandika kwa ukamilifu haiwezi kungojewa. Kijana aliyeingia korona mwaka 1955 akiwa na miaka kumi na minane sasa amekaribia miaka tisini. Majina ya sehemu za mashine, ya hatua za kazi, ya nyimbo za kukatia mkonge na ya vyakula vya kambini yamo katika vichwa vya wazee wa Ngamiani, Muheza na Korogwe, na kila msiba hupunguza msamiati huo. Vyuo vyetu vimekusanya kwa bidii istilahi za sayansi na sheria. Istilahi za wakata mkonge nazo zinastahili daftari, safari hii daftari litakaloandika majina yao badala ya namba zao.

Hapo ndipo msemo wa Tanga utakapopata usomaji wake wa tatu. Wako waliokuja leo na ambao hawakuondoka. Kila asemaye ana kibarua, au hana hela, anawataja.